Makopa Juu ya Paneli

Nikisikia harufu ya makopa ya muhogo yakikauka juani, kiganja changu hukumbuka plaisi.

Pampu yetu ya sola ilikuwa inanguruma tu bila kuvuta maji, na miche ya mikorosho ilishaanza kunyauka. Baba alichomoa nyaya, akapima paneli, akasema, "Volti zipo. Pampu ndiyo imekufa." Akachukua plaisi aifungue.

"Subiri, baba. Umepima volti peke yake. Nguvu ni volti mara mkondo wa umeme."

"Hayo ya darasani, mwanangu."

Nikamwomba mita. Nikarudisha nyaya, nikapima vyote viwili pampu ikinguruma, nikazidisha kwa kijiti mchangani. Mkondo ulikuwa hafifu, wati hazikutosha hata kuwasha balbu. Basi paneli ilikuwa hailioni jua. Nikapanda paa la jiko, ilikofungwa paneli. Bibi alikuwa ameanika makopa yake juu ya paneli, mahali penye joto, ambapo mbuzi hawafiki.

Nikayazoa yote kwenye ungo. Chini baba, mita mkononi, akapiga kelele, "Mkondo unapanda!" Mara maji yakaruka, yakamlowesha mpaka kofia.

"Na makopa yangu je?" bibi akauliza.

Baba alicheka, akanikabidhi plaisi yake. Mpaka leo sijairudisha.