Wodi Iliyonona kwa Rangi

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, alikuwa fundi rangi, na jengo lililomlisha lilikuwa moja tu: wodi ya wazazi ambayo serikali ilijenga hapo ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wetu. Wodi ilikuwa na madirisha, ilikuwa na bomba la kunawia. Ilichokosa ni mkunga. Kila mwaka serikali inapokaribia kufunga hesabu zake, mdogo wangu anaitwa aipake rangi upya.

Msinibishie, mimi nilikuwepo. Wodi ile ilipakwa mpaka ikanona. Mwanzo mngeweza kucheza mpira mle ndani. Miaka ilivyokwenda, ukiingia na ndoo ilibidi utoke kinyumenyume, maana kuta zilikuwa zimesogeleana kama wambea. Kuna mjusi alisinzia ukutani akapakwa humo humo, na mwaka uliofuata akapakwa tena. Tukamzoea. Tukamwita Mheshimiwa, kwa kuwa alikuwa anatazama kila kitu na hasemi neno.

Afisa mipango aliyekuwa anakuja kumwita mdogo wangu tulimbatiza Bwana Fungu. Mtu mpole, visigino vya viatu vimelika upande kama vya kwetu, ila umuulize usimuulize, jibu lake ni fungu.

"Bwana mkubwa," mdogo wangu alimwambia siku moja akiwa juu ya ngazi, "hizi hela za rangi si mumlipe mkunga?"

"Fundi, hilo ni fungu la ukarabati. Mkunga yuko kwenye fungu la mishahara, na hilo linakaa wizarani. Mimi hata kulinusa silinusi."

"Basi ziacheni mwaka mmoja."

"Nikiziacha zinarudi hazina. Mwaka kesho wataniambia, kumbe huko kwenu hamna shida, na watanikata. Nitabaki na nini?"

"Utabaki na mjusi," nikamwambia.

Akacheka huku anajipangusa jasho, akatia saini yake, akaenda zake. Waliotutangulia walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliupaka rangi, na hiyo rangi ndiyo iliyotuwekea chungu jikoni.

Utani ule uliniisha mdomoni binti wa mdogo wangu aliposhika mimba. Ndiye mtoto wake pekee. Mama yake alimzaa njiani, wakielekea hospitali ya mbali, na mwenyewe hakurudi. Kwa hiyo tumbo la binti lilipoanza kuonekana, mdogo wangu akawa anakaa kizingitini jioni anaitazama ile wodi kama mtu anayedai.

"Dada," akaniambia, "mwaka huu sipaki."

"Utakula nini?"

"Hela zikirudi, huko juu watauliza kwa nini zimerudi. Wakiuliza wataambiwa wodi haina mkunga. Haiwezekani watu wote wale asipatikane hata mmoja wa kuuliza."

"Kuuliza wanauliza kila siku. Wanauliza chai iko wapi."

Hakucheka. Bwana Fungu alipokuja, alikuta brashi zimefungwa kwenye gunia. Alibembeleza, akasema mwaka unafungwa wiki hiyo hiyo na fundi mwingine hatampata. Mdogo wangu akamkaribisha maji, akamwambia hana ugomvi naye. Hela zikarudi hazina.

Mvua za mwaka ule ndizo zilizotumaliza. Rangi zote zile zilikuwa zimeshikana mikono, ya juu inaibana ya chini. Ile ya juu ilipochoka bila kupata mwenzake, zote zikaachia. Naapa, ukuta ulivuliwa kama koti. Rangi ikalala sakafuni nzito kama godoro, Mheshimiwa katikati, mkia juu.

Na hali ikiwa hivyo, ndipo gari la wizara likaja.

Alishuka mkaguzi mwenye miwani, na nyuma yake mwanamke mnene mwenye sanduku. Mkunga. Hela ziliporudi hakuna aliyeuliza chochote. Mkunga alikuwa amekwisha kupangwa siku nyingi, kwa lile fungu jingine, na siku hiyo ndiyo alikuwa anakuja kuanza kazi. Mkaguzi alipoingia wodini, yule mama akavuka barabara kuomba maji. Binti yetu akampa. Mkunga akanywa, akaweka kikombe chini, akamshika tumbo bila hata kuomba ruhusa.

"Mtoto amelala ubavu," akasema. "Mwanangu, huyu usimzalie nyumbani. Uzalie penye mkunga."

"Si ndiye wewe?" binti akamuuliza.

"Ndiye mimi," akasema, akacheka vizuri.

Mkaguzi akatoka akijikung'uta vumbi. "Jengo halijakidhi viwango. Mwongozo haumruhusu mkunga kukaa kwenye jengo la namna hii."

Mdogo wangu akamkimbilia. "Mzee wangu, mimi ndiye fundi. Rangi ninayo yangu mwenyewe. Kufika jua kuzama nitakuwa nimemaliza."

"Baba, hili ni jengo la serikali. Huwezi kulipaka kwa hela yako. Subirini fungu la ukarabati."

"Mimi ndiye niliyelirudisha," mdogo wangu akasema, kwa sauti ndogo mno, na mkaguzi hakumwelewa.

Mkunga akasimama kidogo na sanduku lake. Alimtazama binti, akamtazama mkaguzi, akapanda gari. Baadaye tulisikia amepelekwa wilaya nyingine, kwenye wodi iliyokuwa inang'aa.

Uchungu ulipomshika binti, tulimpakia kwenye lori la kubebea mbao. Mdogo wangu alikaa nyuma, amemlaza kichwa mapajani. Hospitali walifanya walichoweza. Walimwokoa binti. Mtoto, walisema, alikuwa amechoka njiani. Wa kiume. Nilimbeba mimi kumrudisha, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nijifunze kusema, sikuwa na la kuongeza.

Bwana Fungu alikuja kutupa pole. Alikuja kwa miguu, jua kali, akakaa kwenye benchi na kofia yake magotini, na machozi yaliyomtoka yalikuwa ya kweli. Akakaa sana. Binti akamletea maji, akayanywa yote, akageuza kikombe mkononi.

"Fundi," akasema mwishowe, akiwa ametazama chini, "najua si wakati wake. Lile fungu limetoka tena."

Binti alikuwa amesimama mlangoni, uso ameuelekeza kule ng'ambo ya barabara. Mdogo wangu alifungua vidole vyake, akavitazama, akavifunga.

"Rangi gani?" akauliza.

"Ile ile," Bwana Fungu akasema.

Mdogo wangu akainuka, akaenda kulifungua lile gunia.