Kikao cha Saa Nne, Siku ya Bamvua

Kazi yangu ni kuwauliza watu wanakosa taarifa gani. Nimeuliza Vigwaza, nimeuliza Fukayosi, nimeuliza hadi swali lenyewe limenichosha mdomo. Wakubwa wanataka kila mradi uanze kwa kuwasikiliza wananchi, basi sisi tunatumwa na vishikwambi vyetu tukasikilize siku mbili, kisha ripoti inaandikwa. Kuuliza si ujinga, wanasema. Inategemea unauliza saa ngapi.

Safari ile tulipangiwa kijiji cha pwani, mbele kidogo ya Mbegani. Ndiko alikozaliwa mama yangu, na mdogo wake bado anaishi huko, analima mwani kama wanawake wengi wa pale. Nilipoiona ratiba nilijua mara moja imeharibika. Kikao kilipangwa Jumanne, saa nne asubuhi, na Jumanne hiyo ilikuwa bamvua. Siku za bamvua maji hupwa mbali sana asubuhi, na hizo ndizo saa za mkulima wa mwani kuwa shambani, mgongo umeinama, mpaka bahari irudi. Kuwaita wanawake wale saa hiyo ni sawa na kuwaitisha wanaume kikao Ijumaa saa saba mchana.

Ningeweza kusema. Kule Fukayosi nilisema, tulipokwenda wakati watu wako mashambani wanapanda, na kiongozi wa timu akanijibu kwamba ratiba imeshapitishwa. Nikarudia, nikaonekana mjuaji. Safari hii nilikuwa nimechoka. Nikafunika kombe mwanaharamu apite. Naona haya kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Walikuja wanaume, pamoja na bibi wawili ambao miguu haiwaruhusu tena kuingia majini. Wanaume walizungumza vizuri: wanataka kujua matengenezo ya mashine za boti, wanataka kujua bei ya samaki mjini. Tulipofika kwenye maswali ya wanawake, wale bibi walisema wao wameshastaafu, waulizwe wenye kazi yao. Kiongozi akatazama saa. Nikaandika, kwa vidole vyangu hivi hivi, kwamba wanawake hawakujitokeza.

Miezi ikapita, mradi ukaanza, na mafunzo yakawa ya mashine za boti. Nilikwenda kumwona mama mdogo. Nilimkuta uani, kajitandikia jamvi, anafunga mbegu za mwani kwenye kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Umeniletea jibu?"

Nikamuuliza jibu la nini. Akachukua kishada cha mwani kutoka kwenye ndoo akaniwekea kiganjani. Kilikuwa cheupe, na nilipokibonyeza kidogo kikakatika. Tangu joto lizidi, alisema, karibu shamba lote linageuka hivyo. Wenzake wanne wameshaacha. Kuna wanaosema mwani ukihamishiwa maji marefu unapona, na kuna wanaosema hayo ni maneno ya watu tu. Aliposikia tunapita kuuliza watu wanataka kujua nini, alifurahi, maana swali lake alikuwa nalo tayari.

"Sasa mbona mlikuja sisi tuko majini? Wewe si mtoto wa hapa?"

"Nilijua, mama. Nilinyamaza."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alifunga fundo jingine, akalikaza kwa meno, kisha akaniambia kwamba bamvua ijayo anahamisha vigingi vya kamba zake kule nje, ambako hata maji yakipwa bado yanamfika kifuani. Hawezi kukaa anaangalia mwani wake unaoza na huku hakuna mtu wa kumwambia lolote. Mama mdogo ana miaka sitini na ushei, na kuogelea hajui.

Nilimwomba asiende. Nilimwomba mara mbili.

Akaacha kufunga, akanitazama. "Unanikataza kwa kuwa unajua mwani haufai kule, au unaogopa tu?"

"Naogopa tu, mama."

"Basi na wewe hujui," akasema, akanipa ncha ya kamba nimshikie.