Sufuria Moja kwa Madume Wawili

Evaristo alipozikwa mgombani, mbwa wake Tabu alilala juu ya udongo ule mbichi hata masika yakausawazisha. Jioni mbwa akibweka kule kaburini, Salvina, mjane wake Evaristo, alijiona kama bado ana mume anayezunguka nyumba kabla ya kulala. Hakubakiwa na sauti nyingine ya kiume.

Kisha kiwanda cha mjini kilifungwa, na Vedastus, kitinda mimba wake, akarudi Old Moshi na godoro lake na mbwa dume mchanga aitwaye Komando. Salvina alishukuru. Kihamba, shamba la ukoo, kilikuwa cha mtoto huyu kwa desturi, na nyumba ilihitaji mtu. Lakini madume wale walikutana mlangoni manyoya yamesimama.

"Mama, Komando asipokaa hapa, nami sikai."

"Watakaa wote," alisema Salvina.

Kwao, ndugu waliogombana huketishwa, wakanywa pombe ya mbege kwenye kata moja, ugomvi ukafa. Basi akapika ugali na mifupa katika sufuria moja, akawaita wote wawili.

Jirani yake Justina alichungulia juu ya ua wa mimea ya masale. "We Salvina! Hao ni kikao cha ukoo? Mmoja mlishe nyuma ya nyumba, mwingine bandani. Dume na dume hawali pamoja!"

"Wakila pamoja watazoeana."

"Watang'oana masikio!"

Siku za kwanza Tabu alirudi nyuma, akamwachia Komando chakula. Salvina akafurahi. "Si unaona, Vedastus? Mzee amemsamehe." Wala hakuona jinsi mbavu za mzee zilivyoanza kuhesabika.

Jumapili moja alirudi kutoka kanisani na kichwa cha mbuzi alichonunua njiani, akakichemsha, akaweka sufuria chini. Safari hii Tabu hakurudi nyuma.

Vedastus aliwamwagia ndoo nzima ya maji, akawapiga kwa mpini wa jembe, akamvuta Komando mkia. Walipoachana, Tabu alijikokota hadi kaburini, koo limepasuka. Salvina alimfunga kanga yake shingoni. Damu ilipenya kanga, ikaingia udongoni, na mbwa akatulia, asipumue tena.

"Nisamehe, mama."

"Ni mimi niliyewapakulia."

Lakini alisema hivyo akiitazama migomba. Kila Komando alipopita uani, mama alifunika uso kwa upande wa kanga. Vedastus aliliona hilo siku baada ya siku. Mwishowe akamfunga Komando kamba, akabeba godoro lake.

"Tunashuka Shirimatunda, mama. Huwezi kututazama."

Salvina alitaka kusema, kaa, mwanangu. Badala yake alifunika uso tena kwa upande wa kanga. Akasikia kamba ikiburuzika njiani, kisha hakusikia chochote.

Jioni alifunga mlango, akasimama nyuma yake akisikiliza. Migomba ilisuguana. Akaufungua tena, akauacha wazi. Hapakuwa na wa kuulinda, wala wa kulindwa.