Mama mkwe alinitoza faini ya matete, na leo kijito chetu kimepona

Wakuu, salamu kutoka Singida, kwenye upepo wetu wa kiangazi.

Muda mrefu humu nimekuwa mtu wa kusoma, kucheka na kupita. Leo zamu yangu. Hii siyo chai. Mke wangu amekaa hapa pembeni anachungulia ninachoandika, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Nauza vipuri vya pikipiki mjini. Mke wangu kwao ni Iramba, ukishashuka mlima wa Sekenke unakunja kuelekea Ziwa Kitangiri. Kijiji sikitaji, mtaelewa baadaye kwa nini.

Pale kuna kijito kinaingia ziwani. Kiangazi kikikolea maji yanapungua, mchanga unabaki mpana, upepo unapiga, wewe umekaa na kuku wako wa kienyeji kwenye makaa huku watoto wanagombania mpira. Ziwani kwenyewe hatuogi, wale viboko hawana mzaha na mtu. Lakini kijito kina chake ni kifupi, watoto wanacheza humo mpaka wanatoka wanatetemeka.

Nimezunguka mikoa mingi kufuata mzigo. Sijaona mahali ninapopapenda kama pale.

Shida ni kwamba kizuri kikijulikana hakikai. Mwanzoni tulikuwa mimi na jamaa zangu wachache. Baadaye kila wikiendi ni pikipiki, Noah, spika, yaani vurugu. Watu wanaacha chupa na pampasi. Bodaboda wanaingiza pikipiki majini kabisa na kuziosha pale pale, oili inaelea. Na kibaya zaidi, wanakata matete wanachomea nyama.

Kwenye yale matete ndiko perege wanalelea vifaranga vyao. Wavuvi wakaanza kurudi na nyavu tupu, wakanuna. Na walikuwa na haki ya kununa.

Sasa mwenyekiti wa kamati ya kijiji ya kulinda ziwa ni nani? Mama mkwe wangu! Anauza samaki tangu mke wangu hajazaliwa. Akiongea, hata mbwa wanakaa chini.

Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Mama mkwe akasimama mbele, akasema kwa kifupi, "Wageni wa mjini basi. Kijito tunakifunga. Kuku wao wakawalie huko huko kwao."

Makofi.

Wakuu, nilipandwa na hasira. Mimi mdomo wangu hauna breki, hata dukani wananijua. Nikanyanyuka, nikapita katikati ya watu mpaka mbele, nikamkazia macho, nikanyoosha na kidole juu: "Mama, hiyo siyo haki! Wachafu ni wachache, mbona mnatufungia wote?"

Watu wakashika vichwa.

Kwa wasiojua niwaeleze. Ukweni kwangu, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kupita maelezo. Humkazii macho. Huli mbele yake. Mkikutana njiani unachepuka. Ukiwa na neno, unalipitisha kwa mtu wa kati, hata kama mmesimama pua na mdomo na kila mmoja anasikia. Mtu wetu wa kati ni shemeji yangu Debora, mdogo wake mke wangu.

Na mimi nimekwenda kumnyooshea kidole mbele ya kijiji kizima!

Nikasikia mama mmoja nyuma, "Yesu wangu!" Mke wangu akajifunika kitenge usoni. Debora yeye alicheka mpaka akatoka nje ya mkutano. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kesho yake ukoo ukakaa. Kosa kama lile linalipiwa faini, na kwa kawaida ni mbuzi. Moyoni nikasema afadhali, mbuzi namuweza. Mama mkwe alikuwa ndani, nyuma ya mlango. Sisi tuko uani.

"Debora, mwambie mkwe wangu mbuzi wake abaki naye. Mimi nataka matete yangu yarudi yalivyokuwa."

Debora akanigeukia, "Mama anasema..."

"Nimesikia. Mwambie nimesikia."

"Mwambie kusikia siyo kulipa," sauti ikatoka ndani. "Kijito sikifungi kwanza. Nampa mpaka kiangazi kijacho. Akishindwa nakifunga moja kwa moja, na wa kwanza kuzuiwa ni yeye."

Hapo ndipo nilipojua nimeshikwa pabaya. Mbuzi unanunua mnadani. Matete utayanunua wapi?

Nikawaita jamaa zangu wa kuku choma. Nikawaambia ukweli: tukizubaa, hii starehe imekwisha. Wakanicheka kwanza, si mnawajua washikaji. Halafu wakaja, na wake zao, na watoto.

Tukapanga hivi: ukifika unafanya kazi kwanza, kuku baadaye. Kiroba chako cha taka unakuja nacho na unaondoka nacho kikiwa kimejaa. Mkaa unatoka nao nyumbani. Asubuhi tunachimba mashina ya matete upande ambao bado yamesongamana, tunayapanda kwenye tope pale palipokatwa. Mgongo unauma, mchana unakula kuku kwa hamu ambayo sijawahi kuiona.

Yakaanza kuchipua. Nikatamba! Nikapiga picha nikatupia kwenye magrupu yote.

Wiki iliyofuata tukakuta ng'ombe wamepita. Wamekula, wamekanyaga, kumebaki tope tupu.

Wakuu, nilikaa chini kwenye ule mchanga nikalia. Mtu mzima, na ndevu zangu. Mke wangu akaniambia, "Ukimaliza kulia twende kwa wenye ng'ombe." Basi tukaenda. Nilitegemea ugomvi, lakini wale wazee wakasema kitu cha maana: ng'ombe ana kiu, mmepanda kwenye njia yake, mlitaka apite wapi? Kweli kabisa, hatukuwauliza.

Tukakubaliana. Tukawasafishia sehemu nyingine ya kunyweshea, mbali kidogo na kijito kinapoingia ziwani. Wao wakatusaidia kukata miiba ya migunga tukazungushia matete upya. Kuna mzee mmoja pale alikuwa mkali kuliko mimi. Ng'ombe wa jirani akisogea, anapiga kelele utadhani matete ni ya baba yake.

Bodaboda nikamalizana nao mwenyewe, ndio wateja wangu. Tulichimba shimo la maji machafu huku juu, mbali na kijito, tukaweka mapipa ya maji ya kuoshea pikipiki. Nikatangaza dukani: nikikukuta umeingiza pikipiki kijitoni, vipuri utanunua Nzega. Mmoja alidhani natania. Alikwenda Nzega.

Mvua zikaja, maji yakajaa, nikawa silali vizuri nikiwaza yatang'olewa yote.

Hayakung'oka.

Kiangazi hiki kimeingia, matete yamenipita kichwa. Ukisogea taratibu unaona vifaranga vya perege wamejazana kwenye mashina, maji yanacheza. Wavuvi wanaosubiri nje kule ziwani wameanza kucheka tena. Watoto wetu wamo kijitoni kama kawaida, na hakuna harufu ya oili.

Mwezi uliopita ukaitishwa mkutano. Nikaambiwa nitoe taarifa ya faini yangu. Safari hii nilikuwa na akili: nikasimama, nikampa mama mkwe mgongo, nikaanza kuuhutubia ukuta wa ofisi ya kijiji. Watu wakavunjika mbavu. Nikaeleza yote, mashina, ng'ombe, mapipa. Nikamaliza, "Debora, mwambie mama kama faini haijatosha, aseme."

Debora akafungua mdomo. Mama mkwe akamzuia.

"Wewe kaa. Hili nasema mwenyewe."

Watu wakanyoosha shingo.

"Mkwe, geuka."

Nikageuka, macho chini.

"Faini imeisha. Kijito hakifungwi." Halafu akawageukia watu, "Na kuanzia leo mgeni yeyote akija pale, masharti anapewa na huyu. Akikataa masharti, mniletee mimi."

Wakuu, vigelegele vilivyopigwa siku ile, hata siku ya harusi yangu sikuvisikia. Mke wangu alilia, safari hii bila kujifunika kitenge. Mimi nilitembea kama nimeshinda ubunge.

Nilichojifunza: sehemu ya starehe usipoitunza wewe unayeifaidi, atakuja kuifunga anayeumia nayo, na atakuwa sahihi. Na kazi ya pamoja haiui raha. Wallahi, kuku wa baada ya kupanda matete ni mtamu zaidi.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenu kuna mto au ziwa linaloharibiwa na wapenda raha? Mmefanyaje? Wenye wakwe wakali nao waseme, najua mko wengi humu.

Na mnaotaka kuja, njooni PM niwaelekeze kijiji. Ila kiroba uje nacho. Usipokuja nacho nakupeleka kwa mama mkwe.