Mama mkwe aling'oa majani tuliyopanda kuzuia korongo, na mkwe huwezi kumgombeza

Wakuu, salamu kutoka Likasi. Kiswahili chetu cha Katanga mkivumilie. Haya nimeyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa.

Nyuma ya jiko la mama mkwe kuna korongo lililochimbwa na maji ya mvua. Kila msimu linasogea. Mke wangu alishaanza kumwomba ahamie kwa shemeji yangu kule Kapolowe.

Mama hataki hata kusikia. Nyumba ile aliijenga na marehemu mume wake.

Wanaume wa avenue yetu, yaani mtaa wetu, tukakaa kikao. Wengi walitaka caniveau, mtaro wa zege. Lakini mtaa wa juu walijenga wa kwao, na maji yao ndiyo yanatushukia kwa kasi. Zege letu lingeyaongezea mbio tu hadi jikoni kwa mama.

Tukachagua vetiver, majani marefu yenye mizizi inayoshuka chini sana. Tukapanda mistari kukata mteremko.

Yalipokuwa mafupi hakuna aliyelalamika. Yalipofika kifuani, kasheshe.

Huku kwetu mwanamke safi anajulikana kwa lupango lake, yaani kiwanja chake: kimeparuliwa jembe, kimefagiwa, udongo mwekundu mtupu. Nyasi ni uvivu.

Jumamosi moja nafika, nakuta mama na wamama wenzake wa kanisa wameshang'oa nusu ya mstari.

Nilichemka jamani. Ila mama mkwe humkaripii, hata macho humkazii. Nikamtuma mke wangu. Jibu likarudi: "Umuambie bwana yako, majani mu lupango ni kuita banyoka. Bantu batasema minye niko muvivu."

Yaani nyasi zinaita nyoka, na watu watamwona mvivu. Roho iliniuma.

Jumapili mama hashiki jembe, hivyo nusu iliyobaki ikapona. Tumetoka misa, mvua ikashuka, ile ya kwetu yenyewe. Tukasimama wote mlangoni kwa mama.

Upande alioparua, ukingo ulimeguka kipande kwa kipande, banda la kuku likaenda nao. Bahati kuku tulishawaingiza ndani. Upande wenye majani, maji yalifika na hasira zake, yakapoa, yakapita taratibu.

Niliogopa kumtazama mama, kwa heshima na kwa huruma.

Jumatatu nikamkuta na wamama walewale, matope hadi magotini, wanapanda upya. Mmoja akauliza habari ya nyoka. Mama akamjibu, "Nyoka iko na fimbo yake. Hii korongo, weye utaipiga na nini?"

Funzo langu: tulichagua dawa nzuri, lakini wanaofagia hatukuwaita kwenye kikao. Sasa ni wao wanaopita lupango kwa lupango kuwaambia wenzao waache nyasi kidogo, maji yazame.

Siwadanganyi, korongo bado lipo. Lakini msimu huu halijasogea.

Kwenu mnazuia maji kwa kitu gani, na nani alikuwa mgumu kukubali? Semeni, nitawasomea wamama wa huku. Juzi mama mkwe alipaka jiko lake rangi mpya; habari za kuhamia Kapolowe hazitajwi tena.