Flashi ya Blandine

Wifi yangu Blandine ni mdogo wa marehemu mume wangu, Jean-Berchmans. Ana miaka arobaini na mitano, anajaza karatasi za forodha za wafanyabiashara pale mpakani Kavimvira, na mpaka mwaka juzi hakuwa na kasoro ya kutajwa hadharani. Kisha akanunua kamera iliyotumika kutoka Bujumbura, pamoja na flashi na lenzi mbili, akaamua kwamba yeye ni mpiga picha wa sherehe.

Nimefundisha fizikia miaka ishirini na sita. Namjua mwanafunzi anayetaka kujifunza, na namjua yule anayetaka tu kuonekana amejifunza. Kwenye ubatizo wa kwanza Blandine alielekeza flashi usoni mwa watu, na paji la uso la padri likang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Nilimweleza kosa lake, hakusikia. Alimsikia kijana fulani wa video za kwenye simu aliyesema flashi igeuzwe juu, mwanga ugonge dari na kurudi laini. Akajaribu kwenye ukumbi wa kwaya, ambao dari yake ni nyeupe, picha zikatoka vizuri, na tangu siku hiyo akawa profesa.

"Mama Upendo, weye ulisomea mwanga mu kitabu," aliniambia. "Miye niko naukamata na mikono."

Ndipo ikaja siku ya mahari ya binti yangu Upendo. Wakwe walitoka Kamanyola. Baba wa kijana, Mzee Toussaint, alikuwa amevunjika mguu, akamtuma mdogo wake Eugène awe msemaji. Mzee alisema wazi: ataangalia picha, aone ndugu zake walivyopokelewa, ndipo ataje tarehe ya ndoa. Nyumba yetu, ambayo haijawahi kusemwa vibaya toka Kavimvira hadi Kalundu, ingepimwa kwa picha hizo. Nilitaka kumwita Pitchou, mpiga picha wa mjini. Blandine akalia mbele ya wazee kwamba namdharau. Nilimdharau kweli, lakini shangazi wa binti hafukuzwi mbele ya watu kwa jambo la mahari. Nikamwachia kazi.

Siku hiyo mvua ilinyesha, wageni wote wakaingia sebuleni. Dari ya sebule yangu ni ya buluu, rangi ya mafuta. Mama wa binti hukaa chumbani mpaka aitwe, kwa hiyo sikuona kitu. Nilisikia tu flashi ikilia na Blandine akiwaamuru wakwe: "Cheka kidogo, baba! Hapa haiko douane ya mpakani!"

Jioni, bila kunionyesha, akatuma picha arobaini Kamanyola. Asubuhi Eugène alinipigia simu.

"Mama Agathe, tulikuja kwenu wazima?"

"Wazima, baba."

"Sasa mbona munatutumia maiti?"

Nilimwita Blandine na kamera yake. Mwanga uligonga dari ya buluu, ukarudi wa buluu; watoto wa mwaka wa tatu wanalijua hilo. Eugène, mdomo wazi katikati ya hotuba, alifanana na mtu aliyetolewa ziwani baada ya siku tatu. Na juu ya hayo Blandine alikuwa amefunga lenzi ndefu, ile ya kuvuta mtu wa mbali, ndani ya chumba chenye watu thelathini. Hakuna picha iliyoonyesha wakwe wameketi pamoja na meza imejaa. Palikuwa na sikio, nusu ya shangazi, mkono na chupa ya soda.

"Lakini haziko flou, haziko na ukungu," Blandine alijitetea. "Hakuna mwenye alitikisika."

"Maiti hatikisiki."

Tulipanda gari kwenda Kamanyola. Njiani nilimwagiza anyamaze. Ningesema tulikodi mtu wa mjini, naye akatuharibia. Nilidhani amekubali.

Mzee Toussaint alikuwa uani, mguu juu ya kigoda, Eugène kando yake. Nilianza maelezo yangu. Sijafika mbali, Blandine akapiga goti.

"Baba, zile picha nilizipiga miye. Wifi yangu hakukosa kitu. Nilifikiri niko najua, kumbe sijui."

Uongo wangu ulikuwa umebaki katikati ya njia, mbele ya wakwe.

Mzee alimtazama sana. "Weye ni shangazi ya binti?"

"Ndiyo, baba."

"Eugène, unasikia? Angekuwa mutu wa kukodi, ningesema wamelipa mutu atutukane. Kumbe ni mutu ya nyumba." Eugène alicheka kwa shida. "Basi nipige na miye. Lakini nikitoka maiti, ng'ombe za mahari zinarudi!"

Blandine alisimama, akainua kamera, na kwa mazoea akaigeuza flashi juu. Kuelekea mbinguni. Alitaka mwanga ugonge mawingu.

"Zima hicho kitu," nilimwambia kwa sauti ya darasani. "Jua lipo. Mweke mzee kivulini. Lenzi ndefu, halafu rudi nyuma."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake alinitii. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta wa jiko, akapiga mara tatu. Mzee alikiangalia kioo kidogo cha kamera kwa muda mrefu.

"Huyu ni miye," alisema. "Ndoa itakuwa Jumamosi ya pili ya Agosti. Na picha apige huyu huyu shangazi."

Neno la mkwe lilikuwa limeshatoka.

Garini Blandine alipakata kamera yake, akitabasamu. "Si umeona, wifi?"

"Nimeona mtu akitaka kuangaza mbingu. Kesho saa tisa njoo nyumbani, na daftari."

"Nikuje na daftari kama mutoto ya shule?"

"Mtoto wa shule angekuwa ameshajua."