Pini Aliyoisoma Mkwe Wangu

Maikromita ya inchi, kile kifaa cha kubania kitu na kupima unene wake, ilinitia wazimu wa kupima. Nilipotolewa kwenye nyundo nikapelekwa meza ya mafundi, pale karakana ya reli Tabora, nilipima karatasi ya sigara, jani la tumbaku ya Urambo, hata ukucha wangu. Nilipomwomba mke wangu unywele mmoja wa kwenda nao kazini, aliniuliza ni mganga gani kaniagiza. Unene wake ulikuwa sehemu tatu za elfu ya inchi. Nilirudi nyumbani nikamtangazia kama habari za vita.

Aliyenifundisha alikuwa baba yake, mkwe wangu, mkereza vyuma tangu enzi za Mjerumani. Kila namba kwenye mpini ni mia moja za elfu ya inchi, na kila mstari mdogo baada yake ni ishirini na tano, alisema. Hesabu mistari iliyo wazi, kisha ongeza namba ya kwenye pete inayozunguka. Na nisikaze kwa nguvu za nyundo.

Siku moja kichwa cha treni ya Mwanza kilikwama kikingoja pini ya breki. Mkwe alipima pini ya kichwa kingine ili mpya ikerezwe sawa nayo, akamtajia msimamizi: mia tatu sitini na mbili. Akaiweka maikromita mezani bila kuilegeza. Kwa udadisi wangu nikaisoma na mimi. Mia tatu, mistari miwili, na wa tatu umechungulia kidogo tu ukingoni mwa pete. Halafu kumi na mbili. Mia tatu themanini na saba.

Niliingiwa na hofu. Nikinyamaza, pini itakerezwa nyembamba, icheze tunduni hadi ikatikie njiani. Nikisema, namuumbua mkwe mbele za watu, na msimamizi alishaonya kwamba fundi asiyeona vizuri hakai kwenye mashine.

Nikamsogelea, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama ule mstari wa tatu nao unahesabiwa. Aliipeleka maikromita dirishani, akaigeuzageuza. Nilitamani sana auone.

"Upo?" akaniuliza.

"Upo, baba."

Angenikaripia, ningefurahi. Badala yake alimwendea msimamizi mwenyewe, akamwambia namba ni mia tatu themanini na saba, na kwamba kuanzia leo vipimo visomwe na mimi. Kazi hiyo nilikuwa nimeitamani tangu siku ya kwanza. Jioni mke wangu aliniuliza mbona sili, nami sikujua nimwambieje kuhusu macho ya baba yake.